Kikundi chetu cha akiba kinataka kuikopesha serikali: je, ni riba?

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh wetu. Mimi ni mama wa Nyamirambo, Kigali. Tuna ikimina, yaani kikundi cha akiba, cha wanawake 30, wengi wetu wajane. Tulianza kwa kuchangishana tu, kila Jumapili mmoja anapokea. Baadaye tukaanza kununua hisa na kukopeshana kwa asilimia 5 kwa mwezi, na Desemba tunagawana. Pesa zetu tunaziweka SACCO (chama cha akiba na mikopo) ya umurenge wetu, yaani kata yetu. Sasa wenzangu wanataka tununue hati fungani za serikali, yaani tuikopeshe pesa iturudishie na riba, wanasema nchi hii ilibaki majivu na sisi wananchi ndio tulioiinua, tusichoke sasa. Shemeji yangu anasema yote ni riba, hata ule mchezo wa mwanzo. Mwenzetu mwingine anasema serikali ni kama mzazi, na baina ya mzazi na mtoto hakuna riba. Na ule mchango wa Agaciro, mfuko wa taifa, tuliotoa mwaka 2012, je, unahesabiwa zaka? Tueleze, Allah akulipe kheri.

JIBU

Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh, mama yetu. Alhamdulillahi Rabbil aalamin, wasswalatu wassalaamu ala Rasulillah.

Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, kwa sababu ndani yake kuna maswali matano na kila moja lina hukumu yake. Shemeji yako ameyafunga yote katika furushi moja. Nia yake ni kuiogopa haramu, na hilo ni jambo jema, lakini kuharamisha alichohalalisha Allah nako ni kosa.

Nianze na mchezo wenu wa mwanzo. Kila mmoja anatoa kiasi kile kile, mmoja anapokea, wiki inayofuata mwingine, mpaka wote wamepata. Pwani tunauita upatu, ninyi mnauita ikimina, na wanawake wa Kiislamu wameucheza kwa karne nyingi. Al-Qalyubi, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, ameutaja kwa sifa zake hizo hizo: mwanamke anachukua kwa kila mwenzake kiasi maalumu kila Ijumaa au kila mwezi, anampa mmoja baada ya mwingine hadi wa mwisho. Akasema unajuzu, akinukuu kauli ya Waliyyuddin al-Iraqi aliyefariki mwaka 826 Hijria. Kila anayepokea mapema amekopeshwa na wenzake, na analipa kile kile alichopokea, hakizidi wala hakipungui. Riba iko wapi hapo? Haipo. Mwambie shemeji yako kwa upole.

Tena si kujuzu tu. Katika Bukhari na Muslim, Abu Musa al-Ash'ari r.a. amepokea kwamba Mtume s.a.w. aliwasifu Waash'ari: wanapopungukiwa na chakula vitani, au chakula cha familia zao kinapokuwa kidogo Madina, hukusanya walicho nacho katika nguo moja, kisha wakagawana sawasawa kwa chombo kimoja. Akasema: "Wao ni katika mimi, nami ni katika wao." Hebu itazame heshima hiyo, mama yangu. Hakusema hivyo kwa ajili ya wingi wa sala zao usiku. Alisema kwa sababu ya ile nguo moja iliyotandikwa chini, kila mtu akamwaga alicho nacho. Wajane waliokaa pamoja baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, kila mmoja ana msiba wake, wakaanza kuchangishana Jumapili kwa Jumapili, wamo katika njia hiyo inshaallah.

Sasa nifike palipo pazito. Asilimia 5 kwa mwezi.

Najua mtakachosema, kwa sababu nimekisikia kwa vikundi vya VICOBA Tanzania na kwa vyama vya Kenya: "Sheikh, ile ziada hatumpi tajiri yeyote, inarudi kwetu wenyewe." Tuhesabu basi. Mwenzenu amekopa faranga 100,000 kwa sababu mwanawe amelazwa. Baada ya miezi mitatu anarudisha 115,000. Desemba mnagawana kwa hisa. Yeye ana hisa mbili. Kuna mwenzake mwenye hisa ishirini, biashara yake inakwenda vizuri, hakukopa hata mara moja mwaka mzima. Nani amebeba ile 15,000? Sehemu kubwa imekwenda kwa mwenye hisa ishirini, nayo imetoka kwa mwenye mtoto mgonjwa. Hii ndiyo riba aliyoikataza Allah katika Suratul Baqara, aya ya 275 hadi 279, hata kama mnakaa mkeka mmoja na mnapendana. Mkopo wowote uliowekewa sharti la ziada kwa mkopeshaji ni riba, na wanachuoni hawakuhitilafiana katika hilo. Lakini mkopaji akiongeza kwa hiari yake wakati wa kulipa, bila sharti na bila kuwa desturi inayotegemewa, hapana ubaya. Jabir r.a. amesema kwamba alikuwa akimdai Mtume s.a.w., naye Mtume akamlipa na akamzidishia.

Basi mfanye nini? Gaweni mfuko wenu sehemu mbili. Sehemu ya kwanza iwe ya shida: maradhi, msiba, ada ya shule. Hiyo ni qardhi hasana, anarudisha alichochukua, na kama kuna gharama halisi ya daftari au ya kutuma pesa, alipe gharama hiyo yenyewe, isiwe asilimia inayopanda kwa mwezi. Sehemu ya pili iwe ya biashara. Anayetaka cherehani, kikundi kiende kununua, cherehani iwe mali ya kikundi na mikononi mwake, kisha mumuuzie kwa bei mnayokubaliana, mkimtajia mtaji na faida, alipe kwa awamu. Hiyo ni murabaha. Au mumpe mtaji afanye biashara, mgawane faida kwa fungu mlilokubaliana, na hasara ikitokea bila uzembe wake iwe juu ya mtaji wenu. Hapo Desemba mtagawana faida ya halali. Na faini za wachelewaji msizigawane, zitoeni sadaka. Na andikeni kila kitu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya kuandika deni.

Kuhusu serikali, nieleze kidogo, kwa sababu wenzako wana hoja ya kweli moyoni ingawa hukumu wameikosa. Serikali iliyokimbia mwaka 1994 ilivuka kwenda Zaire, Kongo ya leo, na pesa za Benki Kuu. Watu zaidi ya laki nane walikuwa wameuawa, waliobaki walikuta hazina tupu, na madeni ya utawala uliopita yakiwadai wao. Ilibidi noti zibadilishwe mwanzoni mwa 1995 ili zile zilizobebwa zisiwe na kazi. Sehemu kubwa ya madeni ya nje haikusamehewa mpaka mwaka 2005. Katika hali ile, mwananchi aliyetoa pesa chini ya godoro akaiweka pahali inapofanya kazi aliisaidia nchi, awe amejua au hakujua. Ndiyo maana baada ya Umushyikirano, mkutano wa mashauriano ya kitaifa, wa 2008 zilianzishwa SACCO katika imirenge yote 416, ili mwanakijiji asiwe mbali na akiba. Na wengi walikuwa na hofu, kwani mwaka 2006 taasisi kadhaa ndogo za fedha zilifungwa na akiba za watu zikakwama. Basi kuilinda akiba ni kulinda mali, na kulinda mali ni moja ya makusudio makuu ya sheria.

Je, nchi kukopa kwa raia wake kuna asili katika dini? Ipo, na ni nzuri mno. Abdullah bin Abi Rabia r.a. amesimulia kwamba Mtume s.a.w. alimkopa elfu arubaini. Mali ilipokuja alimlipa, akamwambia: "Allah akubarikie ahli zako na mali yako. Hakika malipo ya mkopo ni shukrani na kulipa." Ameipokea an-Nasai, na katika riwaya ya Ibn Majah imetajwa kuwa mkopo ule ulikuwa alipokwenda vita vya Hunayn, na aliporudi akamlipa. Huyu ni kiongozi wa umma, ana vita, amekopa kwa mtu wake. Hakumnyang'anya na kumwambia ni wajibu wako. Na hakumpa ziada ya sharti. Waswahili tunasema dawa ya deni ni kulipa. Hapa tumefundishwa kulipa na kushukuru.

Kwa hiyo ile kauli ya mzazi na mtoto haisimami. Kama ingekuwa baina ya kiongozi na raia hakuna riba, aliyestahiki zaidi kuitumia ni Mtume s.a.w. siku hiyo. Ni kweli, na amana inanilazimu nikutajie, kwamba Sheikh Muhammad Sayyid Tantawi, alipokuwa Mufti wa Misri mwaka 1989, aliruhusu hati za uwekezaji zilizotolewa na benki ya taifa kule, na wapo wanaomfuata. Lakini Jopo la Kimataifa la Fiqhi, yaani la wanachuoni wa sheria ya Kiislamu, lilipokutana Jeddah Machi 1990 lilitamka kwamba hati fungani zenye sharti la kulipa mtaji pamoja na riba ni haramu, awe aliyezitoa ni kampuni binafsi au chombo cha umma chenye uhusiano na dola. Hayo ndiyo ninayoyaona kuwa sahihi, na ndiyo ninayokushauri. Msinunue.

Msivunjike moyo. Kuna sukuk, ambazo mwenye kununua anamiliki sehemu ya mali halisi na kupata sehemu ya mapato ya kuikodisha mali hiyo au faida yake. Uingereza, ambayo si nchi ya Kiislamu, ilitoa sukuk za pauni milioni 200 mwaka 2014. Zanzibar nayo imezindua zake mwaka 2025. Waislamu wa Rwanda wana msikiti Nyamirambo tangu 1913, na wanaheshimika kwa wale wengi miongoni mwao waliowaficha majirani zao katika siku zile mbaya. Neno lao linasikilizwa. Pitieni kwa viongozi wenu wa dini, muiombe serikali kwa adabu ifungue mlango huo. Kuomba njia ya halali ya kuisaidia nchi yako ni kuipenda pia.

Kuweka pesa SACCO kwa ajili ya usalama, mahali ambapo hakuna taasisi isiyo ya riba, kunaruhusiwa kwa haja hiyo. Chagueni akaunti isiyo na riba. Ikiwa riba imeingia bila kutaka, msiile na msiiache humo. Itoeni kwa maskini au kazi ya umma, si kwa kutarajia thawabu za sadaka bali kwa kujitakasa nayo.

Agaciro uliyochangia si zaka. Zaka ina watu wanane waliotajwa katika Suratu Tawba aya ya 60, na ina nia yake. Ule ulikuwa mchango wa hiari, na ukiwa ulitoa kwa nia ya kuwafaa watu wa nchi yako basi una ujira wake kwa Allah. Kama mtu alitoa kwa kuona haya mbele za watu tu, mali yake imekwenda na nia yake anaijua mwenyewe.

Zaka yenu itazameni hivi: kila mmoja peke yake, si kikundi kwa pamoja kana kwamba ni mtu mmoja. Fungu lako kikundini, pamoja na pesa nyingine ulizo nazo, likifika thamani ya gramu 85 za dhahabu na likakaa mwaka wa Kiislamu, toa asilimia 2.5. Mwenye hisa mbili huenda hana zaka kabisa; huenda yeye ndiye wa kupewa.

Na ziada mlizokwisha kugawana miaka iliyopita mkiwa hamjui, Allah amesema aliyefikiwa na mawaidha kutoka kwa Mola wake akakoma, basi yaliyopita ni yake. Anayedaiwa ziada sasa hivi, mfutieni hiyo ziada kikao cha Jumapili ijayo, alipe mtaji tu, na asiyekuwa nacho apewe muda mpaka apate.

Wallahu aalam.