Maswali Yenu ya Bustani: Okidi Ikipukutisha Majani, Weka Ndoo Chini

Okidi yangu ya katasetamu iligeuka njano mwezi wa Juni, sasa imebaki mashina matupu. Kila nikiimwagilia inazidi kunyong'onyea, na chipukizi la kwanza limeoza. Ni ugonjwa gani? (Mama wa Tabata, Dar es Salaam)

Mama, haiumwi, imelala. Asili ya katasetamu ni Amerika ya Kati na Kusini, na nyingi hutoka penye kiangazi kikali. Hujiwekea akiba kwenye yale mashina manene, kisha huangusha majani na kuacha mizizi ya zamani ife. Ukimwaga maji wakati huo hakuna wa kuyanywa. Yanatuama kwenye chungu na kuozesha chipukizi kuanzia kitakoni.

Ing'oe. Mzizi uliokufa ukiubonyeza ni mtupu, ganda linavuka kama mrija. Kata yote ukibakiza sentimita 2 au 3 za kushikilia. Palipooza, kata kwa wembe uliopitishwa motoni mpaka ukute nyama safi, paka unga wa mdalasini, acha pakauke kivulini siku 3. Mdalasini usiguse mzizi ulio hai, huukausha. Panda upya kwenye chungu cha sentimita 10 hadi 12 chenye matundu: mkaa chini, juu vipande vya makumbi ya nazi. Makumbi ya pwani yana chumvi, yaloweke siku 3 ukibadilisha maji kila siku.

Kisha ngoja. Chipukizi jipya litachomoza na mkono utakuwasha, lakini usimwagilie mpaka mizizi mipya ifike sentimita 8 hivi. Wengi huharibu hapo. Mashina kusinyaa kidogo si neno. Yakikunjamana sana, ipe vijiko viwili vitatu pembeni mwa chungu, asubuhi. Ikishaamka ni mlafi: maji mara kwa mara, na mbolea ya NPK 20-20-20 kila wiki, robo ya kipimo cha pakiti. Geuza majani utazame chini: vitone vya njano na utando mwembamba ni kazi ya utitiri mwekundu.

Okidi yangu ya Dendrobium nobile haitoi maua, inazaa vijimche tu juu ya mashina. Yale yasiyo na majani nimeanza kuyakata. (Msomaji, Nairobi)

Weka kisu chini kwanza! Mashina hayo makavukavu ndiyo yanayobeba maua. Kijicho kilekile cha shina kilichotoa mche kingeweza kuwa ua; umekilisha mbolea na maji wakati wa kupumzika, kikaamua kuwa mche.

Shina likitoa jani la mwisho kileleni, limekomaa: acha mbolea kabisa, maji punguza yawe ya kulainisha tu. Baridi ya Nairobi ya Juni hadi Agosti ni bahati yako. Lalisha chungu barazani, penye mwanga mwingi lakini pasipofika mvua, wiki 4 hadi 6. Vijicho vikivimba na kuonekana wazi kuwa ni vya maua, rudisha maji taratibu. Ile miche itenganishe mizizi yake ikifika sentimita 5.

Nina kipande cha okidi ya Ansellia africana, ile ya madoadoa ya chui. Mizizi yake inaelekea juu; niifukie? (Msomaji, Kilifi)

Usiifukie. Ni kapu lake la kunasa majani makavu, na majani hayo ndiyo mbolea yake. Ifunge kwa kamba ya katani kwenye tawi la mwembe penye jua la asubuhi. Wala usishangae mashina ya zamani yakivua majani huku machanga yakibaki nayo. Hailali fofofo kama katasetamu.