Asali yako imeganda? Usiitupe

Baridi ya Juni hadi Agosti ikishika hapa Nakuru, watu huniletea chupa zao wakilalamika: "Asali imeganda, hii si imetiwa sukari?" Kuganda peke yake si ushahidi wa udanganyifu. Asali ina glukosi na fruktosi kwa wingi, na glukosi ndiyo inayojitenga ikafanya chengachenga, upesi zaidi kwenye ubaridi wa nyuzi 14 hivi. Chupa ya namna hiyohiyo nikimpelekea shangazi Kisumu, kwenye joto la ziwani, hukaa muda mrefu ikimiminika vizuri.

Asali ya supamaketi huganda kwa shida kwa sababu mara nyingi imepashwa moto, nyuzi 60 au hata zaidi ya 70, kisha ikachujwa kwa chujio laini sana. Moto unayeyusha chembe za kuganda na kuua hamira, chujio linaondoa chavua na vipande vya nta. Chupa inabaki ang'avu rafuni. Lakini moto huohuo unadhoofisha vimeng'enya vya nyuki na kupeperusha harufu ya maua. Ukionja unapata utamu tu, basi. Si sumu, wala simkatazi mtu kuinunua. Kwa chai ya moto mimi natumia hiyo hiyo, maana kumimina asali mbichi, yaani isiyopashwa moto, kwenye kikombe kinachofuka mvuke ni kuiharibu kwa mkono wako mwenyewe. Ile mbichi naiwekea mkate, viazi vitamu, au kijiko kimoja kifua kikibana.

Sasa, mbichi si lazima iwe nzuri, na hapa ndipo wengi hupoteza pesa. Ukishika njia ya Baringo kupitia Mogotio hadi Marigat, utaona asali imepangwa kando ya barabara kwenye chupa zilizotumika, jua likiziwakia tangu asubuhi. Hiyo imeshapashwa moto, ila na jua. Mimi huomba iliyowekwa kivulini, ndani ya ndoo yenye kifuniko, na muuzaji mwenye nayo hakatai.

Muulize pia amerina vipi. Nyuki huziba sega kwa nta maji yakishapungua hadi karibu asilimia 18. Sega lisilozibwa bado lina maji mengi, na asali yake itachacha. Kiwango cha kimataifa hakiruhusu maji yazidi asilimia 20. Mbaya zaidi ni pale sega lenye majana (watoto wa nyuki) linapokamuliwa pamoja na la asali. Fungua kifuniko: ikitoa povu na kunuka uchachu kama busaa, rudisha. Harufu kali ya moshi nayo inaonyesha moshi ulitumiwa kupita kiasi wakati wa kurina. Pindua chupa taratibu utazame kiputo cha hewa. Kikipanda haraka, asali ni nyepesi mno.

Majaribio ya kutambua asali halisi kwa kuidondosha kwenye glasi ya maji, au kuchovya njiti ya kiberiti ndani yake kisha kuiwasha, siyaamini. Sharubati nzito ya sukari nayo huzama chini vilevile.

Mwenye kisukari asidanganywe kwamba mbichi haina madhara: zote mbili ni sukari kwa karibu asilimia 80. Na mtoto ambaye hajatimiza miezi 12 asilambishwe yoyote, hata kidogo, hata nyanya akisisitiza kwamba ndivyo walivyolelewa. Asali inaweza kuwa na vijidudu vinavyosababisha botulizimu, ugonjwa hatari unaopooza misuli, na moto wa kiwandani hauviui.

Ile iliyoganda iweke kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu ambayo mkono wako unayavumilia, ubadilishe maji yakipoa, mpaka ilegee. Usiibandike jikoni. Funga kifuniko barabara na uiweke kabatini, mbali na friji. Mimi mara nyingi siiyeyushi kabisa. Napaka mkate nayo ikiwa imeganda hivyo hivyo.