Mpira wa maji machafu kwenye gari la kulala

SWALI: Habari fundi, tuna gari la kulala wageni tumelipaki Raskazone hapa Tanga, mpira wa kutolea maji ya jikoni na bafu chini ya tanki umepasuka kwenye mikunjo, kijana kazungushia selotepu lakini wapi, unavuja na harufu juu. Tufanyeje?

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Selotepu itoe, haishiki kwenye plastiki yenye mafuta. Ufa ukiwa mwishoni na mpira bado mlaini, kata kipande kibovu, rudisha na klipu ya stenlesi manake chumvi ya bahari huku kwetu inakula hizi za kawaida upesi mno. Ila ukiuminya ukakatika kama biskuti, ujue jua limeshaumaliza, tupa.

Mie ningeachana kabisa na mpira wa mikunjo, kila mkunjo unashika mafuta na punje za wali, ndo harufu hiyo. Weka bomba la PVC, yaani lile gumu la plastiki, uache kipande kifupi tu cha mpira pale kwenye tanki sababu gari inatikisika, bila hicho maungio yatapasuka. Mteremko sentimita 2 kila mita, ulifunge vizuri kwenye chesesi, yaani fremu ya chini ya gari, lisibonyee katikati maji yakatuama. Na tafadhali sana, maji yakinge kwa ndoo ukamwage chooni, sio ufukweni watoto wanakoogelea.