Kwa mnaoanza biashara Kigoma: niliyoyaona dukani kwa mzee wetu

Vijana mnaofungua vibanda katika soko la Mwanga au mnaonunua mzigo mwaloni Kibirizi, bila shaka mmesikia habari za mzee aliyetutoka hivi karibuni, ambaye kwa zaidi ya miaka 50 aliuza dagaa na mawese katika mji huu. Wengi msibani walisema kwamba alikuwa na bahati. Mimi niliyekuwa karani wake sikubaliani nao.

Mzee aliijua kalenda ya biashara yake. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi inapokuwa kali taa hizo hazivuti samaki vizuri, kwa hiyo kila mwezi zipo siku ambazo mwalo hupoa na bei hupanda. Mgeni akiona bei inapanda hununua kwa pupa. Yeye alinunua wakati wa giza, mzigo ukiwa mwingi, kisha akauanika tena hata kama muuzaji aliapa kwamba umekauka, kwa kuwa dagaa wenye unyevu wakifungwa guniani huvunda njiani. Reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 ndiyo iliyotuunganisha na soko la Dar es Salaam, lakini treni huchelewa, na ucheleweshaji huo aliuhesabu miongoni mwa gharama, pamoja na ushuru na bei ya magunia.

Kubwa zaidi kwangu ni namna alivyoshika fedha. Fedha ya kununulia mzigo haikuguswa kwa ada, harusi wala matanga. Nyumbani ilitumika faida peke yake, tena baada ya mzigo kuuzwa na madeni kulipwa. Ndugu zake walimwita bahili, na sidhani kama walikosea sana. Hata hivyo, mwaka 1976, Operesheni Maduka ilipofunga maduka ya watu binafsi ili kupisha ya ushirika, alirudi kwenye mawese, ambayo ni zao la wakulima wa mkoa wenyewe, akaendelea kidogo kidogo. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, ambapo mtu aliweza kuwekwa ndani kwa sababu ya shehena asiyoweza kuieleza, daftari lake lilionyesha kila debe limetoka kwa nani na limelipiwa lini. Masharti ya biashara yalipoanza kulegezwa mwaka uliofuata, mtaji wake ulikuwa mdogo lakini ulikuwepo.

Deni aliliandika mbele ya mdaiwa, akamsomea, kisha akamtaka atie saini au dole gumba. Hakumkopesha mtu mara ya pili kabla ya kumaliza deni la kwanza, hata angekuwa shemeji yake (na mashemeji, Mungu awasamehe, walijaribu sana).

Uvuvi katika ziwa ulipositishwa upande wetu kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, wachuuzi waliokuwa wakila mtaji waliuza hata mizani zao. Kwa hiyo, kabla ya kununua gunia lako la kwanza, piga hesabu ya miezi mitatu bila mzigo: kodi ya kibanda, chakula cha nyumbani, ada. Fedha hiyo iweke mbali na ya mtaji, na kila moja iwe na daftari lake.