Hizo "had" mnazozifyeka, wadogo zangu

Wiki hii nimepitia tafsiri tano za vijana wapya, hadithi za Kiswahili zilizotiwa Kiingereza, na katika zote tano mhusika anafika kituoni, basi linaondoka mbele ya macho yake. Kwenye Kiswahili basi lilikuwa limeshaondoka. Jamani, hilo "limeshaondoka" mmelipeleka wapi? Ningefoka zaidi, ila mimi niliwahi kufanya baya kuliko hilo.

1. Kabla hujaanza, pigia mstari kila "alikuwa ame-" na kila "-mesha-". Hapo mara nyingi mwandishi anarudi nyuma ya wakati wa hadithi, na hapo past perfect (had na kitenzi, kama had left) inadaiwa. Ile -ka- haidai kitu: akaamka, akanawa, akatoka ni woke, washed, went out.

2. Usifute had kwa hasira. Nilipokuwa mgeni kama ninyi nilipewa hadithi za mama mmoja, mwalimu mstaafu. Mhariri akaniambia had zangu zimezidi, zinamkwamisha msomaji. Niliona aibu. Usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi nikaziwinda kwa kompyuta, nikafyeka. Sentensi zikawa fupi, nyepesi, nikajiona fundi. Sasa, mahali fulani mama alikuwa ameandika: "Nilipofika wodini, baba alikuwa ameshafariki." Nilikuwa nimeitafsiri vizuri tu, When I reached the ward, Father had died. Baada ya panga langu ikabaki: When I reached the ward, Father died. Sarufi haina kosa, ndiyo maana haikumshtua mtu. Kitabu kikachapwa hivyo hivyo.

Yule mama hakugomba. Alinipigia simu, tukasalimiana, akauliza hali ya watoto, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, mimi baba sikumwahi. Hapa umeandika nilimwahi." Hadithi nzima, kurasa 11, ilikuwa juu ya gari lililoharibika njiani na mkono aliokuta umeshapoa. Mimi nikamfikisha kwa wakati, baba akakata roho mbele yake! Nilisema "samahani mama" mara nyingi hata yeye ndiye akaanza kunibembeleza. Mpaka leo nikikutana na neno wodini kwenye kazi ya mtu, nasimamisha kalamu.

3. Kumbukumbu ikiwa ndefu, weka had mbili tatu mlangoni, kisha endelea na simple past (left, died, bila had). Ukirudi kwenye hadithi yenyewe, mpe msomaji alama: saa, mahali, mlango kugongwa.

4. Penye after au before, had mara nyingi si lazima, maana mpangilio umeshajulikana.

5. Si kila "ame-" ni had, na hapa ndipo wale waliosikia kisa changu wanapopitiliza. "Nilimkuta amelala" ni asleep, basi. Amesimama, amekaa, amevaa, hizo ni hali za wakati ule ule. Mwaka jana kijana mmoja, tena mzuri sana wa kazi, aliandika kwamba alimkuta bibi uani na She had worn a khanga. Nikamwuliza, "Aliivaa zamani. Sasa hivi yuko na nini mwilini?" Akaitazama sentensi, akaziba uso kwa karatasi, akaomba kalamu.

Zile tano ziko mezani kwangu, nimezipigia mistari kwa penseli. Zifuateni kabla ya Ijumaa, na basi liondoke kwanza.