Kadi Uliyoikuta Mkobani mwa Binti Yako

Dada mmoja wa Birmingham ameniandikia usiku wa manane. Alikuwa akitafuta chaja kwenye mkoba wa binti yake wa miaka 15, akakutana na ile kadi wanayopewa vijana huku Uingereza ya kuchukulia kondomu bure. "Nimpige, au nimrudishe Unguja kwa bibi yake?" Nimemjibu pembeni, lakini najua hayuko peke yake.

Mimi nilishika mimba mwaka 1998, nina miaka 16. Mwaka ule, katika kila wasichana 1,000 wa miaka 15 hadi 17 wa England na Wales, takriban 47 walipata mimba. Mmoja wao ni mimi. Magazeti yaliandika kwamba Uingereza inaongoza Ulaya Magharibi kwa vijana kuzaa, nami nikiyapita dukani nikiinamisha kichwa, nikaona kama kila anayelinunua ananitazama tumbo.

Mama yangu hakuwa mzembe. Kwetu mwari hafundwi na mama yake, hukabidhiwa somo, yaani mama mwingine wa kumfunda. Sasa somo wangu alibaki Unguja, na sisi tulihama nikiwa na miaka 11. Nilipovunja ungo mama alinipa pedi, akasema "usicheze na wanaume", akafunga mlango. Alidhani shule itamalizia. Shule ikatuonesha mchoro wa mfuko wa uzazi. Hakuna aliyeniambia mvulana akisema anakupenda unamjibu nini.

Miaka ya kulea nairuka. Nitasema moja tu: kwenye maulidi, nilipokaa na mtoto mgongoni, shangazi mmoja aliinuka akahama mkeka. Hadi leo mkeka ule nauona.

Binti yangu alizaliwa 1999, mwaka ambao serikali ya Tony Blair ilizindua mpango wa kupunguza mimba hizi kwa nusu ifikapo 2010. Mwaka huo ulifika, nusu haikufika. Lakini kiwango kiliendelea kushuka: 2014 kilikuwa takriban 23 kwa kila wasichana 1,000, na 2021 takriban 13. Kwetu watu husema, "Si wanazitoa tu!" Hapana. Hesabu hiyo inajumuisha mimba zilizotolewa pamoja na zilizozaliwa, kwa hiyo kilichopungua ni mimba zenyewe. Wala si kwa sababu vidonge vya kuzuia mimba vimegunduliwa jana. Huku vimekuwa bure tangu 1974, na mimi sikujua hata pa kuviulizia. Nionavyo mimi, vimeongezeka vijiti vya kupandikizwa mkononi na sindano za kuzuia mimba, wasichana wanakaa shule muda mrefu zaidi, na zaidi ya yote kuna mtu mzima anayezungumza nao bila kuwapigia kelele.

Na msiniambie shule itafanya. Masomo ya mahusiano na kujamiiana yamekuwa lazima kwa sekondari zote za England mwaka 2020 tu. Binti yangu alitimiza miaka 15 mwaka 2014. Ningesubiri?

Nilimweka jikoni siku tunasukuma chapati, maana mikono ikiwa na kazi macho hayalazimiki kukutana. Nikamweleza yote: baba yake, tumbo, mkeka. Alilia, nami nililia. Kisha nikamwambia dini yetu inasema nini, na nikamwambia vilevile kliniki iko wapi. Mwaka huu amehitimu ukunga. Alhamdulillahi! Nilikaa ukumbini nimevaa buibui langu jipya, na sikuinamisha kichwa.

Kwa hiyo wazazi wenzangu, zungumzeni na watoto. Zungumzeni mapema, na mkishazungumza, zungumzeni tena. Acheni kuuita ukimya heshima. Tumeyavuka maji, masomo wetu tumewaacha ng'ambo, na hakuna ndege itakayowaleta. Ni wewe mama. Na wewe baba usijifiche nyuma ya gazeti, kwani wavulana nao wana sehemu yao katika mimba hizi.

Wewe dada, kadi irudishe ulipoitoa. Wengi hupewa wakishakaa na kufundishwa kwanza, kwa hiyo pengine mwanao anajua mengi kuliko ulivyojua wewe ukiolewa. Muulize ameipataje, kisha nyamaza mpaka amalize.

Asubuhi hii ameniandikia tena. Bado hawajazungumza, lakini kadi ameirudisha, na leo jioni wanakanda unga.