Karavani kuukuu kuwa ofisi ya saiti

Wewe unayetaka kusimamia mwenyewe ujenzi wa nyumba yako, usiache karatasi zikae kwenye buti la gari. Nilianza hivyo. Wiki ya pili ramani zilikuwa zimelowa, risiti za saruji hazisomeki, na kila fundi akiuliza kipimo nilikunjua karatasi juu ya boneti huku upepo ukizivuta. Ndipo nikatafuta karavani kuukuu, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, niifanye ofisi.

Unapokwenda kununua, usitazame rangi wala makochi. Tafuta maji. Karavani nyingi za zamani zina fremu ya mbao iliyovalishwa bati jembamba la alumini, na maji yakishapenya kwenye maungio ya paa huozesha mbao kwa miaka bila kuonekana nje. Ingia, funga mlango, vuta pumzi: harufu ya ukungu utaipata hapo hapo. Kisha vua viatu utembee polepole, hasa kwenye kona na chini ya madirisha. Sakafu ikibonyea, plaiwudi imeoza. Ya kwanza niliyoikagua ilikuwa imepakwa rangi mpya inayong'aa, lakini nilipobonyeza kwa kidole gumba chini ya dirisha la nyuma, ukuta uliingia ndani na shimo likabaki. Muuzaji alinyamaza, nami nikaaga.

Tairi zina tarehe. Soma tarakimu 4 za mwisho za namba inayoanza na DOT: 2312 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2012. Tairi lililozeeka linaweza kupasuka njiani hata kama kashata zake bado nzima. Beringi za magurudumu nazo zipakwe grisi mpya kabla ya safari.

Mahali pa kuiweka, nakuomba usiharakishe. Chukua ramani ya kiwanja, uchore njia ya malori, mtaro wa maji safi na wa maji taka, na sehemu ya kumwaga mchanga na kokoto. Karavani isiguse hata kimoja. Jiulize pia itatokaje kuta zikishapanda. Dirisha kubwa lielekee geti, ili uhesabu mifuko inayoshushwa ukiwa umekaa mezani.

Kuisawazisha, anza na kulia na kushoto: weka ubao chini ya tairi la upande ulioinama, kisha kabari kwenye tairi zote. Hapo ndipo uitoe kwenye gari, na jeki ya mbele imalizie mbele na nyuma. Miguu ya kwenye kona ni ya kuzuia kutikisika tu. Ukiinyanyua karavani kwa miguu hiyo, inapinda.

Ndani toa kitanda, weka meza. Karatasi ya A1, ya kuchorea ramani, ni milimita 594 kwa 841, na meza isiyoibeba yote itakurudisha kwenye boneti. Ramani iliyorekebishwa ikija, ya zamani itoke ukutani siku hiyo hiyo. Mimi niliziacha zote mbili. Fundi akasoma ya zamani, nafasi ya dirisha la jikoni ikaachwa sentimita 60 kando ya mahali pake, tukabomoa kozi (mistari) 5 za tofali. Iliniuma sana, kwa sababu fundi yule alikuwa amejenga vizuri. Kila jioni kabla ya kufunga, andika kwenye daftari la saiti: nani amekuja, nini kimeshushwa, zege limemwagwa saa ngapi. Siku ya malipo mtafungua ukurasa badala ya kubishana.

Jiko la gesi lililomo usiliwashe mpaka fundi wa gesi akague mpira na regulata. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama sakafuni. Jenereta ikae mbali na madirisha: moshi wake una monoksidi ya kaboni, haina rangi wala harufu, na chumba kidogo kama kile hujaa upesi. Funga king'ora cha kuitambua, na mtungi wa kuzimia moto ukae karibu na mlango.

Vifaa vya thamani usivilaze humo; ukuta wake hukatwa kwa mkasi wa bati. Kichwa cha mbele kinachoungwa kwenye gari nacho kitie kufuli, maana mwizi akija na gari ataondoka na ofisi nzima. Ndiyo maana nakala ya pili ya ramani, pamoja na picha za kila ukurasa wa daftari, huwa nalala nazo nyumbani.